Mbwa wa Bibi na Chanjo ya Mtoto

Jumapili, Magamba

Bado nausikia ule mbweko mmoja wa leo, na viatu vya mchungaji wa kanisa, aliyekuja kututembelea, vikikimbia juu ya kokoto. Mbwa wa Bibi alipambana na mwizi wa kuku mara moja tu; tangu siku hiyo hamwamini mtu.

Nikaona hapo ndipo pa kuanzia kumshawishi Bibi kuhusu chanjo. Mtoto wa dada ana wiki tatu, alizaliwa hapa nyumbani, mdogo kama kiazi, na Bibi hataki atolewe kwenye baridi kabla ya arobaini.

"Chanjo ya kifua kikuu ya nini? Nani anakohoa humu?"

"Bibi, ile chanjo huwaamsha askari wa mwili. Wakishazoea kukesha, huenda wakafukuza hata magonjwa mengine. Kama mbwa wako."

"Kwa hiyo unataka mtoto ambwekee mchungaji?"

Dada alicheka mpaka mtoto akaamka.

Nakiri sina uhakika na hilo la magonjwa mengine. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ninachohofia ni kile kifua chake kidogo na ukungu huu.

Bibi amesema atalifikiria. Nimemshukuru kwa heshima zote. Mimi na dada tulishampeleka mtoto zahanati akachanjwa Alhamisi, Bibi akiwa sokoni.