Kidole Kilichoteleza

Jumatatu, 13 Machi 1961

Nimerudi na mvua, hata koti sijavua, naikuta sahani ile ya santuri inazunguka. Tena! Bendi ya Meridons — vijana wanne kwenye picha ya jalada, suti za bluu, meno yote nje. "Mpanda Farasi wa Mwezini." Hakuna anayeimba, ni magitaa matupu na mwangwi, utadhani wanapiga ndani ya pipa. Nikamwambia binti yangu Hazel apunguze kidogo. Akanijibu kwamba muziki wa siku hizi siuwezi, nirudi kwenye waltz zangu za kizamani. Mtoto wa miaka kumi na tano! Mama yake akacheka mpaka akamwaga chai.

Enid ana haki ya kucheka. Yeye anajua, Hazel hajui. Gitaa lile la mbele nimelipiga mimi. Barry Fosdyke, huyo wa kwenye picha, siku ya kurekodi alikaa upande wa pili wa kioo cha studio akitafuna kucha. Ndiyo kazi yetu. Unaitwa kwa simu, unasoma nota, unapiga, unachukua koti lako. Jina halitoki popote. Na mdomo unaufunga, maana anayepayuka haitwi tena.

Linaloniuma ni jingine. Katikati ya wimbo kidole kiliteleza. Nilitaka nota moja, kikaipita, kikaangukia ya jirani, kikarudi kwa aibu. Nikaomba turudie. Wakasema muda wa studio umekwisha, na isitoshe hapo ndipo patamu! Sasa Uingereza nzima inapiga mluzi kosa langu. Muuza maziwa anapiga. Hazel anapiga akiosha vyombo, na analipatia barabara.

Jumanne, 14 Machi

Pauline, rafiki yake Hazel, kapata matubwitubwi. Tiketi yake ya Jumamosi haina mtu. Meridons wanakuja jukwaani hapa hapa Tooting, na Enid kasema mtoto haendi peke yake.

Hazel akaja, akasimama, akakwaruza zulia kwa kiatu. Nitakwenda naye? Ila nisivae ile kofia.

Tangu aanze kuvaa viatu vya kisigino hajaniomba tuende popote. Nimesema sawa, kama mtu asiyejali. Kisha nimekwenda uani nikatabasamu peke yangu mbele ya kamba ya nguo.

Jumatano, 15 Machi

Simu. Ronnie Spall, meneja wa Meridons, ambaye pia ndiye anayenitafutia nusu ya kazi zangu. Kwenye televisheni vijana huigiza tu, sahani ndiyo inayopiga. Jukwaani haiwezekani. Watatu wanajimudu, ila Barry bado. Kwa hiyo?

"Kwa hiyo, Cyril kaka yangu, wewe unakaa kwenye kiti nyuma ya pazia. Unapiga. Dogo anachezesha vidole mbele. Nani atajua?"

Nikamwambia Jumamosi nina miadi.

"Na bendi gani?"

"Na binti yangu."

Alicheka! Halafu akaacha kucheka. Akasema wapiga gitaa London wamejaa tele. Nilimwelewa vizuri sana.

Nikamwambia, basi niletee huyo kijana. Nitamfundisha. Akifika Jumamosi anapiga mwenyewe, mimi wa nini tena? Kakubali, lakini kiti kitawekwa vile vile.

Alhamisi, 16 Machi

Barry amekuja Hazel akiwa shuleni. Nilijiandaa kumchukia. Imeshindikana. Ni mtoto wa muuza nyama wa Croydon, mwekundu wa masikio, anaomba radhi hata kwa paka. Kala mkate wote wa jemu.

Nimetoa ubao wangu kabatini. Ndivyo ninavyoliita gitaa la umeme, kipande cha meza chenye nyaya! Nililinunua kwa ajili ya kazi tu, roho yangu iko kwenye lile la zamani lenye tumbo. Barry aliushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Na si mbovu, jamani. Mwanzo anaupata. Mwisho anaupata. Ila akifika kwenye kosa langu ananyooka kama askari wa gwaride: nota safi, ndipo hasa. Nikamwambia ateleze. Akateleza kama mtu anayejiangusha ili ahurumiwe. Mimi mwenyewe nikajaribu kumwonyesha — nikashindwa! Tulicheka mpaka Enid akachungulia.

Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni, masikio moto.

"Bwana Lovelock, mama yangu anaamini ni mimi. Kawaambia wateja wote dukani. Tafadhali, usimwambie mtu."

Nimempa neno langu kwamba sitasema. Kwa hiyo sasa si suala la kazi tu.

Ijumaa, 17 Machi

Barry tena. Vidole vimevimba. Nikamwambia asitafute kosa. Aitake nota ile ya kwanza kwa moyo wote, aifuate kwa pupa, kidole kitajua chenyewe. Kikateleza mara moja. Alipiga kelele kama kafunga goli.

Hazel akawahi kurudi! Barry akatoka kwa mlango wa jikoni, akaruka uzio wa Bi Pocock. Hazel akanusa sebule. Mbona panatoka harufu ya mafuta ya nywele?

"Ya baba yako," akasema Enid.

Na mimi nina upara.

Jumamosi, 18 Machi

Kunyoa. Tai ya kijani. Kofia nimeiacha. Hazel kabadilisha nguo kutwa nzima na bado hajaamua. Tai nimeifunga upya mara tatu, kama ni mimi ninayekwenda kupiga.

Jumapili, 19 Machi

Enid anachoma nyama ya kondoo. Niandike haraka.

Jana mlangoni Spall alininasa mkono. Kiti kiko tayari, ubao mwingine umeshaunganishwa, nipite nyuma. Hazel alikuwa hatua chache mbele, kwenye foleni, akinipungia mkono niharakishe. Nikasimama kama nguzo. Kazi yangu huku, mwanangu kule. Mara Barry akatokea kwa mlango wa pembeni, mweupe kama karatasi, suti ya bluu.

"Kiondoe kiti," akamwambia Spall. "Nikianguka, naanguka mwenyewe." Kwangu akanong'ona, "Nenda ukakae, mzee wangu."

Spall alinitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka simu za kazi zitakapoacha kulia. Nikaenda nikakaa.

Wasichana walikuwa wanapiga mayowe hata kabla taa hazijazimwa. Wimbo wetu ukaanza. Hazel akanidaka mkono wa kushoto, akaung'ang'ania kwa yake yote miwili. Sijashikwa hivyo tangu alipokuwa anaogopa radi. Nikasahau kila kitu. Nikawa na Barry, nota kwa nota, nikimwombea, nenda, nenda, usiogope. Akafika pale penyewe. Kikateleza! Kwa utamu, kwa aibu, vile vile! Nilikaribia kulia.

Ndipo nikagundua mayowe ya pembeni yangu yamekoma. Hazel hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa anatazama kiganja chake. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga humo muda wote, na kidole changu kiliteleza kabla ya cha Barry. Kabla, kidogo tu. Alikihisi.

Tukapanda basi. Nilimuuliza kama amefurahi, akasema ndiyo, ilikuwa nzuri. Akanitazama mikono mpaka nyumbani. Akapanda kulala bila kunitania, na hilo lilinitisha kuliko Spall.

Neno langu kwa Barry liko pale pale. Akiniuliza, nitamdanganya? Sijawahi kumdanganya, nilinyamaza tu. Asubuhi nzima nimekuwa natunga majibu, na yote ni ya kipuuzi.

Namsikia anashuka ngazi. Amefungua kabati la ukumbini. Kitu kizito kimegonga mlango.

Yupo hapa jikoni. Haulizi kitu. Amekamata ubao wangu shingoni, vibaya, kama kuku wa kuchinjwa, na ananinyooshea. Enid ameacha kukoroga mchuzi.

Niliahidi sitasema. Kupiga hakuna aliyenikataza —