Picha ya Sala Yetu

Shoga, mwambie mwalimu leo siji kwenye darasa letu la watu wazima. Nina hasira!

Kile kikao cha kanuni mpya za uvuvi! Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, anataka kila mtumbwi ulete ndoo mbili tu za samaki kwa siku. Ndoo mbili! Mafuta ya injini ya mume wangu yanakula moja na nusu. Tukakataa wote.

Akanigeukia, mpole kama nini: "Mama, basi tufungie kikao kwa sala."

Nikasali. Watu wakafumba macho, wakainua mikono.

Kumbe anatupiga picha! Sasa hivi naiona kwenye grupu la wavuvi: "Wananchi wapitisha kanuni kwa kunyoosha mikono."

Sala yangu, shoga! Sala yangu!

Kesho tunamfuata ofisini. Nitasali tena palepale mlangoni kwake, ila macho wazi, na mikono nimeikunja kifuani.