Pipa la Kisima cha Mulga

Adelaide, 2 Septemba 1983

Mama mpendwa,

Habari za huko? Natumaini u mzima, na goti limepungua maumivu. Mjomba Clarrie naye hajambo? Mimi sijambo, ila kazi za ofisi ya bima zinanichosha macho.

Nina habari. Mwisho wa mwezi huu mimi na wenzangu watatu wa ofisini tunavuka jangwa kwa gari la Philip, jipya kabisa, bado lina harufu ya dukani. Tuna jerikeni sita za chuma za kubebea petroli. Philip ameweka keria kubwa juu ya paa na anataka zote zikae huko, eti ndani zitatuchukulia nafasi. Wananiuliza mimi, maana nimezaliwa huko. Nimewaambia najua, lakini ukweli ni kwamba siku zote aliyekuwa akifunga mizigo ni Mjomba. Niandikie upesi unavyoona.

Tukipata nafasi tutapita kukusalimu.

Mwanao,
Graeme

*

Ranchi ya Tarcoonda, 9 Septemba 1983

Mwanangu Graeme,

Barua yako imekuja na ndege ya posta ya Alhamisi. Sisi hatujambo. Goti ni lile lile. Joto limeanza mapema mwaka huu, nzi wamejaa hadi kwenye unga.

Nimemuuliza mjomba wako. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Mafuta juu ya paa! Mwambie huko aweke mito ya kulalia." Sikiliza, mwanangu. Petroli ni nzito. Ukiipandisha juu, gari linakuwa na kichwa kizito, na kwenye tuta la mchanga litaanguka ubavu. Zifungeni nje, nyuma, chini kabisa, nusu upande huu na nusu upande ule. Chuma kisiguse chuma. Wekeni gunia katikati, la sivyo zitasuguana njia nzima mpaka zitoboke. Msizijaze hadi mdomoni, joto huyavimbisha mafuta. Na ndani mnamokaa msiweke hata moja, ule mvuke ni sumu, na moto wake hauna huruma.

Mkipungukiwa, lile pipa la petroli la Kisima cha Mulga lipo kama siku zote. Chukueni bila kuomba. Ila mkifika penye redio ya mawasiliano mseme, tulijaze. Unajua mjomba wako anapozungukia visima hulitegemea ili arudi.

Nitaoka mkate wa tende, ule uupendao. Mabwana wenye ranchi watakuwa mjini, kwa hiyo wenzako watalala barazani bila kumsumbua mtu.

Mama yako

*

Adelaide, 9 Oktoba 1983

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Tumerudi salama. Jangwa lilikuwa zuri mno, sote tumeungua pua.

Nisamehe, hatukuweza kufika Tarcoonda. Siku zilitubana, tukarudi kwa njia ya magharibi, mbali kabisa na kwenu. Najua uliandaa. Nitakuja Krismasi, Mungu akipenda.

Msalimie Mjomba, mwambie ushauri wake ulitusaidia.

Mwanao,
Graeme

*

Tarcoonda, 20 Oktoba 1983

Mwanangu,

Nashukuru kusikia umefika salama. Mkate wa tende waliula vijana wa ng'ombe.

Huku tumepata msiba ambao haukufika kuwa msiba. Mjomba wako alikwenda kuzungukia visima, mafuta ya kwenda tu kwenye gari, kama desturi yake. Redio ya gari lake bado iko kwa fundi. Alipofika Mulga akakuta pipa tupu. Halina hata tone. Mtu amelinyonya lote akaenda zake, wala redioni hatukusikia neno.

Maji ya kisima yapo, ni ya chumvi lakini yanaokoa roho. Angekaa pale tungemkuta amekasirika tu. Lakini akaanza kutembea. Clarrie, Graeme! Mtu ambaye tangu ukiwa mdogo anakuhubiria usiliache gari wala maji! Vijana walimkuta kando ya njia, mbele kabisa ya kisima, amelala chini ya kichaka, ulimi umevimba, na walipomleta hanijui mimi wala jina lake. Ndege ya madaktari ikamchukua hadi Port Augusta. Atapona, wanasema, lakini figo zimeumia, na hawatamruhusu tena kuishi jangwani. Miaka yote ile, halafu kitanda kando ya dirisha linalotazama ukuta.

Nani anaweza kufanya jambo kama hili? Mtu anayechukua mafuta na kunyamaza hana mama.

Mama yako

*

Adelaide, 28 Oktoba 1983

Mama mpendwa,

Pole sana, na umpe Mjomba pole zangu. Nimeshtuka. Nimemtumia blanketi na tumbaku yake.

Labda ni watalii waliopotea ambao hawakujua utaratibu. Usijiumize kumtafuta aliyefanya.

Mwanao,
Graeme

*

Tarcoonda, 11 Novemba 1983

Mwanangu,

Hujambo? Blanketi limefika. Tumbaku wauguzi wamemnyang'anya.

Mambo huku yamechacha. Des Kupke, yule dereva wa greda ya kusawazisha barabara, alikuwa kambini karibu na Mulga juma lile. Jumatatu asubuhi, wakati wa maongezi ya redioni, ranchi zote zikisikiliza, nilibonyeza redio nikamuuliza: "Des, petroli ya Mulga ilikuwa tamu?" Akasema, "Mama Dulcie, sikuigusa." Nikamwambia aliye na dhamiri safi hatetemeki sauti. Tangu siku hiyo hapiti kunywa chai hapa, na wenzake wa barabara wanamwita Bomba, eti la kunyonyea mafuta.

Mbona hivi karibuni barua zako fupi? Kama una shida niambie.

Mama yako

*

Tarcoonda, 5 Desemba 1983

Graeme,

Sijapata jibu lako. Sasa nakuandikia la kwangu.

Juma lililopita nilikwenda Mulga na vijana kulijaza pipa. Nilitegemea kulikuta limetupwa. Halikutupwa. Limelazwa ubavu, limekingwa kwa mawe mawili lisibingirike, na vizibo vyake vyote viwili vimelala usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili maji ya mvua yasituame juu yake yakanyonywa ndani. Pipa tupu, Graeme, limelazwa kwa adabu kama lililojaa. Nilisimama hapo mpaka vijana wakaniuliza kama jua limenipiga.

Nikashuka Port Augusta kumwona Clarrie. Sikumwambia niliyoyaona. Nilimsimulia tu habari za Des, nikidhani atafurahi. Akageuza uso ukutani.

"Dulcie, usimtukane yule mtu. Hana kosa."

"Umejuaje?"

Akasema, "Ni kijana wetu. Analaza pipa kama nilivyomfundisha."

Nikamuuliza kwa nini basi hakungoja kwenye maji, mzee mzima na akili zake. Naandika alivyonijibu, wala siongezi:

"Nilijua amepita na tangi limekauka. Na redioni hakusikika. Graeme ninayemjua mimi asingechukua akanyamaza. Kwa hiyo hakufika penye redio. Nikasema amekwama mbele huko na wenzake, hawana maji. Nikaenda kumtafuta."

Alikuwa amebeba chupa mbili. Moja hakuifungua. Alikuwa anakuwekea wewe.

Ulipoandika kwamba mlipita njia ya magharibi, nilimsomea barua ile hospitalini. Alisikiliza, akasema, "Vizuri, amefika." Basi. Ameinyamazia tangu siku hiyo.

Kwa nini, mwanangu? Ungebisha hodi tu, ningewapa pipa zima na mkate juu yake.

Dulcie, mama yako

*

Adelaide, 14 Desemba 1983

Mama,

Sijui nianze salamu vipi. Nimeichana barua hii mara nyingi.

Ni mimi. Philip aliniambia jerikeni zitakaa juu, nami sikubisha, nilitaka nionekane mtu asiye na usumbufu. Gunia hatukuweka. Siku ya tatu tulinusa petroli, tukapanda kutazama, mbili zimesuguana zimetoboka, matandiko yote yamelowa. Tulipofika njia panda ya Tarcoonda mshale wa mafuta ulikuwa chini. Ranchi ilikuwa karibu kuliko Mulga. Wakasema, "Si ndiko kwenu? Twende!" Nikawaambia wazazi wangu wamesafiri, nyumba imefungwa.

Mama, ofisini wanajua ranchi ile ni yetu. Nilisema hivyo mwaka wa kwanza, mtu alipovicheka viatu vyangu, na tangu hapo sikuweza kurudi nyuma. Wangefika wangekukuta umevaa aproni, unawaita wenye nyumba mabwana. Nilikuonea haya. Nimeandika, sasa liko kwenye karatasi, nalo linanuka kuliko ile petroli.

Tulipofika penye redio, Philip aliuliza, "Hatumwambii mtu kuhusu lile pipa?" Nikasema ni letu, hakuna haja. Nikisema redioni ungejua nimepita.

Nilipopata barua yako ya Oktoba niliingia chooni ofisini nikakaa humo. Halafu nikakuandikia habari za watalii. Na Des nikamwacha aitwe Bomba, nikijua. Lile la Mjomba na chupa siwezi kuliandika.

Sema nifanye nini, nitafanya.

Graeme

*

Tarcoonda, 22 Desemba 1983

Graeme,

Nimesoma. Nimeoka, nimepika, nimeosha, ndipo nimekaa kukujibu.

Kwamba mimi ni mpishi si siri. Mikono hii ilikulipia shule ile iliyokufundisha kuona haya. Imeniuma, sitakudanganya. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilipofunga aproni nilijitazama kwa jicho la mgeni, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Hilo umenifanyia wewe.

Lakini nami nina aibu yangu. Nilimpaka Des matope mbele ya nchi nzima. Jumatatu nilibonyeza redio nikasema nilikosea, Des hakuchukua kitu, namwomba radhi. Mama wa ranchi ya jirani akauliza, "Sasa ni nani, Dulcie?" Nikaachia kitufe. Nadhani wameelewa. Des hakujibu. Nasikia ameacha kazi ya barabara ameelekea Queensland, wala hakuacha anwani.

Usinitumie kitu. Usije Krismasi, bado sijui nitakutazama vipi. Nenda kwa mjomba wako kwanza. Halafu waambie wenzako mama yako ni nani.

Mama yako

*

Port Augusta, 4 Februari 1984

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema.

Niko hapa tangu jana. Niliingia wodini. Mjomba amekonda, mikono imekuwa kama ya mtoto. Nikaanza kusema, akanikatiza.

"Zilikuwa juu ya paa?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Bila gunia?"

"Bila gunia."

"Mjinga wewe." Halafu akalia, Mama. Sijawahi kumwona akilia. Akasema alipokuwa pale chini ya kichaka kilichomtesa si kiu, ni kudhani amechelewa kunifikia.

Nilimnyoa ndevu, nikamkata kucha, akanivumilia. Amesema nikimtoa hapa hata kwa siku chache ataniruhusu kufunga mizigo, yeye atakaa kwenye kiti anitukane. Daktari amekubali wakati wa Pasaka, joto likipungua.

Ofisini nimesema. Nilisimama wakati wa chai nikawaambia wote watatu: ranchi si yetu, mama yangu ni mpishi pale, alikuwepo nyumbani siku ile, na mafuta yale nusura yamwue mjomba wangu. Mmoja hasemi nami tena. Jioni Philip akaja mezani kwangu. "Yaani tulikula maharage baridi ya kopo jangwani, na mama yako alikuwa ameoka?" Alidhani atanichekesha. Kisha akasema gari ni lake, keria ni yake, anataka kuja kukuomba radhi mwenyewe.

Des nimemwandikia kupitia idara ya barabara. Barua imerudi haijafunguliwa. Nitaendelea kumtafuta.

Niwalete, au nije peke yangu, au nisije?

Mwanao, kama bado,
Graeme

*

Tarcoonda, 16 Februari 1984

Graeme,

Njoo na Clarrie. Huyo Philip mlete, nitampikia.

Ukifika, aproni ya pili iko nyuma ya mlango. Utaivaa wewe, na utawapakulia.

Mama yako