Nyumba za Chaki

Jumatatu, 3 Juni 1957
Kelele! Watoto arobaini, kinanda kimoja kibovu, na mimi. Nimepiga do-re-mi mpaka jasho likanitoka, wao wanapigana vikumbo. Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani, akauliza kama fimbo yangu imeliwa na mchwa. Inspekta wa elimu anakuja Ijumaa. Asiporidhika, kibarua changu kimekwisha. Akiridhika nitaajiriwa kabisa, nipewe na nyumba ya mwalimu hapa Ngong Road. Nanjala ameandika tena kutoka Butere: haji Nairobi kulala nyuma ya duka la mtu. Mke wangu huyo. Miezi kumi na minne sijamwona!

Jumanne, 4 Juni
Nimebuni mchezo! Nimechora duara za chaki sakafuni, nimeziita nyumba — moja pungufu ya watoto. Napiga kinanda nikiwapa mgongo, wao wanazunguka wakiimba. Nikiacha kupiga, kila mtu nyumbani kwake! Anayekosa anakaa ukutani, mdomo kufuli. Anayepiga kelele anafutiwa nyumba. Wee! Wametulia, wameimba sauti mbili bila kugombana. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akicheka. Sijawahi kuona meno yake.

Nikarudi River Road nataka kumsimulia mtu, yeyote. Bwana Shamsudin, mwenye duka, alikuwa anapima kitambaa. Akasema vizuri, vizuri, bila kuinua kichwa. Basi nimelisimulia jiko langu.

Jumatano, 5 Juni
Baridi. Mchezo tena, kimya tena. Sina barua.

Alhamisi, 6 Juni
Wanjugu amekosa nyumba leo mara saba. Saba! Nikageuza shingo kidogo. Kumbe wamekula njama: kila akikaribia duara wanamziba kwa mabega. Ndiyo maana wametulia — wengine hawana wasiwasi, wanajua nani atakosa. Nikamwita Dalmas, kiongozi wa darasa. Bila haya akasema, baba yake si yuko kizuizini, Mwalimu, kwani hujui?

Najua sana. Mwalimu Mkuu alimpokea huyu mtoto kimyakimya, hataki watu wa ofisi ya elimu wasikie, wakamfukuza. Ningeufuta mchezo leo leo, lakini inspekta ni kesho, na bila mchezo ni vurugu. Najiona mwoga. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Naandika kwenye benchi nje ya ofisi.

Inspekta alikaa nyuma na daftari lake. Wakaimba vizuri, wakazunguka vizuri. Mimi nikaiba! Nikachungulia chini ya kwapa, nikaacha kupiga Wanjugu akiwa katikati kabisa ya nyumba. Dalmas ndiye aliyekosa. Nilifurahi, lo! Haikupita dakika. Mwalimu ameiba! Ameangalia! — darasa zima. Inspekta akainuka, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha mpishi akamuuliza Dalmas analilia nini. Dalmas akanyoosha kidole. Akasema yote. Baba, kizuizini, yote. Wanjugu hakutoka kwenye nyumba yake. Alisimama humo, miguu pamoja, mpaka karani akaja kutuchukua sote wawili.

Nilidhani wataanza na mimi. Nimeshapanga maneno: nitaomba radhi, nitamtaja Nanjala, nitapiga hata magoti.

Mlango umefunguliwa. Wanamtaka Wanjugu kwanza.

Hajaingia. Amekuja mbele yangu, ameuliza taratibu, Mwalimu, wakiniuliza habari za baba, niseme nini?

Karani anamwita. Yeye bado amesimama hapa, ananingoja. Na mimi naandika, sijainua kichwa.