Kitambaa Chekundu

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu wa mama umeacha kumsumbua. Mimi sijambo, kikohozi tu, nacho usimwambie. Baba mpe shikamoo yangu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema mtihani umebaki miezi miwili lakini huoni maana ya kuungoja, maana nauli unayo na roho yako imeshatangulia huku. Nilicheka. Maneno hayo hayo nilimwambia mama mwaka ule nilioondoka, naye akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka, nami nikamwona amepitwa na wakati.

Sitakudanganya kwamba mji ni mbaya. Naupenda. Asubuhi nikishuka ngazi kutoka ghorofa ya tano (lifti ilikufa kabla sijahamia), nasikia barabara inavyonguruma na moyo unaruka kama siku ya kwanza. Hapa hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Ila nilipougua wiki nzima, hakuna aliyeniuliza lolote pia. Chumbani tunalala watatu, na dirisha letu linatazamana na ukuta. Jirani yetu fundi saa hujisifu kwamba yeye ana bahati, ukuta wake umepakwa rangi.

Kazini mwajiri wetu tunamwita Mkunjo, kwa sababu huuona mkunjo wa shati kutoka ng'ambo ya barabara. Juzi nilimwonyesha picha uliyonitumia. Wewe na rafiki zako wawili mmesimama mbele ya shule, kila mmoja amebana kitambaa chekundu kwa pini kwenye mkono wa shati. Nyuma umeandika kwamba hiyo ndiyo mitindo ya mjini, mmeiiga kwenye picha zangu. Mkunjo alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya mapipa ya sabuni nikalia.

Mdogo wangu, kitambaa kile hubanwa kwenye nguo kikiwa na namba ya mteja, zisipotee. Mimi ni dobi. Lile koti la kijivu kwenye picha zangu ni la wakili mmoja, na ile suti ya buluu ni ya bwana harusi. Nilizivaa dakika tano tano, nikapigwa picha, nikazirudisha kwenye kamba. Namba sikuthubutu kuzitoa, maana anayechanganya nguo za watu Mkunjo humfukuza siku hiyo hiyo. Mama aliponiuliza kwenye simu kile kitambaa ni cha nini, nilimjibu ni mitindo. Niliona haya. Sasa wewe unataka kuuacha mtihani kwa ajili ya koti la mtu nisiyemjua hata jina. Kosa ni langu, na linaniuma sana.

Nakuomba ufanye mtihani. Ukishamaliza, kama bado unautaka mji, njoo. Nitakupokea mwenyewe stendi, na chumbani tutalala wanne. Sitakuzuia, ningekuwa mnafiki.

Nimekuwekea picha nyingine humu. Nimesimama kwenye meza ya pasi, na shati ni langu, ndiyo maana kola imechakaa. Mwonyeshe mama, kisha zile za zamani zitoeni ukutani.

Wasalimie majirani wote. Rafiki zako waambie wavitoe vile vitambaa, lakini waambie kwa upole.

Ndimi kaka yako,
dobi