Leso Yako Kwenye Nyasi za Mtongwe

Wifi yangu Mwanamkuu,

Salamu nyingi huko Vanga, wewe na mumeo. Nasema nawe gazetini, mbele ya watu, nao wasikie, maana nyumbani nimesema hadi koo limenikauka.

Wakumbuka nyasi za bahari zilivyokwisha hapa Mtongwe? Juya, wavu ule wa kukokota, liliburuzwa juu yake mpaka ukabaki mchanga mtupu, na samaki wa tafi wakahama, kwani ndimo walimokula na kukulia. Ni wewe uliyesema, "Wifi, zilizong'olewa tutazipanda." Walivyotucheka! Tukazifunga kwa ukindu kwenye vijiwe, tukatoka wakati wa bamvua kama tutokavyo kutafuta pweza, maji yamekupwa mbali. Mazoea hayo! Maji yakarudi kwa nguvu yakazoa kila kitu. Mimi nikalia, wewe ukacheka. "Basi tungoje maji mafu, hayo hayavuti," ukasema. Ndipo wanawake wa mtaani tukaingia majini hadi kiunoni, twapapasa mchanga kwa vidole vya miguu, twazipanda upya. Nyasi zikashika.

Kisha ukaolewa, ukaniachia bahari na kaka yako.

Wallahi nduguyo amenichosha. Juya ni lake, na siku hizi ana neno jipya: "Uhuru waja, bahari ni yetu, tutavuta tupendapo." Nikamwambia, yetu ndiyo, lakini ukishaimaliza utakuwa huru kuvua nini? Akaitisha chai.

Juzi akaja na wenzake, moja kwa moja kwenye nyasi zetu. Sisi wanawake tukasimama katikati. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika, naye avuta tu, kamba yatuzunguka. Mara akaiona ile leso nyekundu uliyonipa siku ya kuondoka, nimejifunga kifuani. Akasita.

"Hiyo si ya Mwanamkuu?"

Akawaambia wenzake walegeze kamba, wakaenda zao.

Nyasi zimepona, wifi, na ilinipasa kufurahi. Lakini nina hasira hadi leo. Mimi mkewe, niliye majini mbele ya macho yake, hakunisikia. Wewe uliye Vanga amekustahi kwa kipande cha kitambaa!

Na leso yenyewe yaliwa na chumvi, haitafika mbali. Njoo useme naye mwenyewe, au niletee nyingine.

Ni mimi wifi yako, niliyebaki majini.