Mto wa Sufi Unaokwenda Maskati

Alhamisi, Pujini.

Mvua imeanza alfajiri, si ile ya vishindo, ni ile ya kunong'ona, inayomfanya mtu ajifunike tena. Mie nimetoka. Maji siyaogopi. Mie ndiye niliyewahi kuogelea kutoka hapa mpaka Tanga na gunia la muhogo begani, na muhogo wenyewe haukulowa. Anayebisha na abishe, bahari ipo, haijahama.

Kilichonitia simanzi leo ni miguu ya mama. Wiki nzima naiona anaivuta. Akiinuka kwenye mswala hushika ukuta kwanza, halafu husimama hivyo hivyo kama mtu anayesikiliza jambo. Asubuhi nimemwambia ni baridi ya masika hii, itapita.

"Ndiyo mwanangu," akanijibu. "Ni mvua."

Kesho Asya anasafiri.

Asya ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipotangulia mbele ya haki aliniachia mabinti wawili, Salma na huyu Asya, na nimewalea kwa mikono hii. Walimu hawakunisomesha sana, waliona haya kunifundisha ninayoyajua, lakini wanangu hawa nimewasomesha mpaka mwisho. Salma ameolewa Maskati. Juzijuzi kajifungua mtoto wake wa kwanza, na kule hana mtu. Kwetu mzazi hanyanyui hata birika mpaka arobaini iishe. Hukandwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hulazwa, hudekezwa. Aliyestahiki kwenda ni mama yangu, ndiye aliyetukanda nyumba nzima. Magoti yamekataa. Basi anakwenda Asya, na ndege hajawahi kuipanda.

Na hapa kwetu mtu akisafiri huwa msafiri wa kila mtu. Tangu Jumatatu vifurushi vinaingia. Huyu ana mwanawe Maskati, yule ana dada, yule ana shoga aliyeagana naye zamani. Kila kimoja kimefungwa, kingine kimeshonwa kabisa. Na amana haifunguliwi. Ukiifungua umemwambia mwenyewe kuwa humwamini, na Pujini hii ukishamwambia mtu humwamini, hata salamu huwa nzito.

Mie siku zote ndivyo nilivyojua. Mpaka Jumanne nilipokwenda Tumbe kununua samaki wa safari.

Pale diko, wanaposhusha samaki, yupo Mzee Faki, mchuuzi wa samaki, rafiki yangu wa tangu ujana. Siku hizi hashuki tena ufukweni. Husimama juu, penye mnazi uliokatika, na samaki huletewa hapo hapo. Nikamtania, "Yakhe, umekuwa sultani, bahari inakufuata?"

"Kule chini simu haishiki," akaniambia.

Nikakumbuka, nikatamani ulimi wangu uanguke. Mwanawe Mzee Faki amefungwa ugenini, nchi sitaitaja. Alikuwa uwanja wa ndege, akatokea mtu wa kwao, wamezungumza Kiswahili vizuri, akamwomba amsaidie mkoba mmoja kwa kuwa yeye mizigo imemzidi. Kijana wa Kipemba anajuaje kusema hapana? Akaubeba. Ndani mlikuwa na unga wa kulevya. Alipowaambia mkoba si wangu wakamuuliza, nani kaubeba? Huko sheria haiulizi ulikusudia nini. Inauliza kimekutwa mkononi mwa nani. Kuna nchi ni kifungo cha maisha, kuna nchi ni shingo.

Tumbe hakuna anayetamka jela mbele ya Mzee Faki. Watu husema kijana yuko safari. Na simu ya kutoka huko ikipigwa hupigwa saa isiyojulikana, ndiyo maana mzee anasimama pale juu, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie maji, mkono juu ya mfuko wa shati.

Wakati wa kuagana akanishika mkono, hakuuachia. "Khatibu, mzigo wa mtoto uufungue. Wakikuchukia, wakuchukie. Atakuwa nyumbani, wakuchukie pamoja naye."

Nimerudi na maneno hayo, ninayo mpaka leo.

Basi baada ya Adhuhuri nimetandika mkeka barazani nikawaita wenye amana wote. Nikavaa kanzu na koti. Nikawaambia mkubwa wa uwanja wa ndege wa Maskati ni rafiki yangu tangu enzi zile nilipokuwa kule, kanipigia simu mwenyewe, anataka kila mtu afungue mzigo wake kwa mkono wake, mbele yangu. Nikawaeleza na habari ya mbwa wa kule. Mbwa ananusa kitu kilichofungwa mara saba, ananusa mpaka nia. Mie nilipopita alininusa, akakaa chini, akanipigia saluti.

Bi Mgeni wa nyumba ya pili akasema, "Alipiga saluti kwa sababu hajawahi kunusa uongo mkubwa hivyo!"

Baraza zima likacheka. Lakini kicheko kilipokwisha akanigeukia, uso umebadilika. "We Khatibu, nimekuogesha ukiwa mtoto. Leo unanipekua?"

Nikamwambia, "Bi Mgeni, mpekue Asya. Jifanye wewe ndiye askari na yeye ndiye mwanao anayepita."

Akamtazama Asya aliyekaa mlangoni, kainama kwa haya, anachezea ncha ya mtandio. Halafu akang'oa uzi wa kifurushi chake kwa meno.

Mlikuwa na ng'onda, samaki wa kukaushwa, na halua. Amana nyingine ikawa mkate wa ufuta, nyingine pweza mkavu, nyingine udi. Kimoja tu tumekiweka pembeni, unga wa mizizi ya mzazi, dawa njema, wallahi bibi zetu wamepona nayo, lakini hauna jina wala karatasi, na askari wa watu hajui mizizi ya Pemba. Mwenyewe akasema basi, Salma atakunywa tangawizi. Hakukasirika mtu. Wamefunga tena mizigo yao wenyewe, na Bi Mgeni akaongeza halua ya Asya ya njiani.

Nikajiona mkubwa wa forodha. Nikasimama barazani mikono nyuma, natazama mvua kama nimeiamrisha mie.

Ndipo mama akaniita chumbani.

Alikuwa amekaa kitandani, mto wa sufi mapajani. Ule mto kaushona mwenyewe mwezi mzima, wa Salma kuegemea akinyonyesha, foronya kaidarizi maua ya asumini. Huo sikuufungua. Nani anampekua mamake?

"Khatibu," akasema, "yule mbwa. Anavijua na vidonge?"

Nikataka kucheka. Nilipoona mikono yake imeshashika mshono nikaacha.

Akaupasua mshono. Akaingiza vidole kwenye sufi, akatoa kifuko kidogo kimefungwa kwa uzi. Vidonge vyake vya miguu. Vile vikali, alivyoandikiwa na daktari, ambavyo akimeza hulala. "Mzazi mgongo humkata," akasema. "Nami siwezi kwenda kumkanda. Nikaona angalau hivi."

Vilikuwa vingi. Nimevitazama, nikaelewa taratibu, kichwa changu hiki kinachojua kila kitu.

Haikuwa mvua.

Alikuwa akivimeza kwa uongo. Mbele yangu anakunywa maji, kidonge anakibakisha kiganjani, anakitia kwenye mto. Na maumivu anayalala nayo. Kavificha ili nisijue anajinyima, si kwa jingine lolote.

Na vidonge vya namna ile, nchi nyingi za Ghuba huvihesabu pamoja na dawa za kulevya. Huko huviingizi bila karatasi ya daktari, na nyingine wanataka hadi ruhusa kabla hujasafiri. Karatasi ya mama ina jina la mama. Asya angepita kesho na mto wa bibi yake kwapani, vidonge vimefichwa ndani ya sufi, vimeshonewa. Nani angemwamini kuwa ni mapenzi?

Nilikuwa karibu sana kusimama juu, penye mnazi uliokatika.

Nikamweleza mama, polepole. Akaelewa upesi kuliko nilivyotaka. Akajifunika uso kwa kanga. "Ningemfunga mwanangu kwa mkono wangu," akasema. "Mimi. Mzee mzima nisiyejua kitu."

Mie nina maneno ya kila shughuli, muulize yeyote hapa. Nimekaa chini, miguu yake nimeiweka mapajani mwangu, nikaanza kuikanda kama yeye alivyokuwa akitukanda.

"Mama," nikamwambia, "na mie nilikuwa sijui. Ningeubeba mie mwenyewe mpaka uwanjani."

Akafunua uso. "Wewe hukujua?"

"Sikujua."

Akanitazama kama amemwona mtu mgeni. Halafu akacheka, huku machozi bado yanamtoka. "Leo mvua itanyesha mawe," akasema. Akameza kidonge mbele yangu, na safari hii nimemwambia afungue mdomo nione. Kanipiga kofi la bega.

Bi Mgeni akiuliza mto ulipasuka vipi, nimeshaandaa: panya wa Maskati, mkubwa kama mbuzi, kaja na meli. Hakuna atakayejua jingine. Wewe unayesoma hapa humjui mamangu.

Asya nimemwita, nimemwambia moja tu. Uwanjani akitokea mtu, hata awe mzee, hata awe mtu wa Wete anayemjua shangazi yake, akimwomba amshikie mkoba, aseme hapana. Aseme, ami yangu mkali, ataniua. Dhambi ya kukosa adabu naibeba mie.

Sasa ni kabla ya Magharibi na mvua imekatika. Mama amemaliza kuushona mto tena. Vidonge havimo. Nimeubonyeza pembe zote, sufi tupu. Kisha aliniuliza, sasa kitamfikia nini Salma kutoka kwangu? Sikujua tena, mara ya pili leo, nitazoea.

Akajijibu mwenyewe. Ameulaza kitandani, akaulalia. Tangu alasiri yuko pale, shavu kwenye maua yale, amelala usingizi ambao wiki nzima sijamwona nao.

Kesho mbwa wa watu na anuse. Atanusa mafuta ya nazi, asumini kidogo, na mamangu. Kwa hayo hafungwi mtu.